Frigo Iliyogeuzwa

Saliha, acha unachofanya usome hii. Niko gereji kwa Chabani, fundi wetu wa frigo. Leo sina utani.

Fatouma, mchumba wake, amempigia video kutoka Ubelgiji. Nyumba baridi, mashine ya kupasha joto imeganda barafu huko nje. Chabani kafurahi, somo likaanza: "Ni frigo iliyogeuzwa tu. Hata hewa ya baridi ina joto ndani yake. Gesi inalichukua nje, kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto, halafu joto linaachiwa ndani ya nyumba." Mi nikamwambia, bwana, oa hiyo mashine basi.

Akamwambia Fatouma, "Izime, uimwagie maji ya uvuguvugu. Ita jirani akusaidie."

Hakuita jirani. Akatokea mwanaume na ndoo, amevaa pijama. Pijama, Saliha.

Fatouma akasema polepole, "Huyu ni Fortunat. Naishi naye. Nilitaka kukuambia."

Nikajua Chabani atakata simu. Apana. Akasema, "Mwambie asigonge barafu na chuma, atatoboa bomba." Akawaongoza wote wawili mpaka mwisho, mpaka Fatouma akasema joto limeanza kuingia.

"Alhamdulillah," Chabani akajibu. Ndipo akakata.

Sasa amekaa na bisibisi mkononi, hafungui kitu. Ameniomba jambo moja tu. Mama yake yuko sokoni anachagua vitenge vya harusi, na we uko karibu naye. Nenda umwambie arudi nyumbani. Chabani mwenyewe amempigia mara mbili, akakata kabla mama hajapokea.