Msumari Ndani ya Mabano

2 Machi

Shikamoo Baba. Goti linasemaje? Mimi mzima, macho tu yanawasha kwa kompyuta.

Ofisi yetu imekubali kuwatafuta watu wa mtaa wetu waliopotea vitani. Unayewakumbuka ni wewe, kwa hiyo waandike kwa JSON, maandishi mepesi yanayosomwa na mashine za ofisi zote. Kila mtu mfungie kwenye mabano yaliyopinda:

{"jina": "Msumari", "umri": 41, "kazi": ["seremala", "kinyozi"]}

Kushoto jina la kitu, kisha nukta mbili, kulia thamani yake. Maneno yafunge kwa alama za kunukuu, namba ziache wazi. Vitu vingi vitie kwenye mabano ya mraba. Nimeanza na kaka, usinicheke. Mwishoni ongeza "hai": true ni ndiyo, false ni hapana.

Binti yako

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti limeniamuru nikae, nami natii.

Nimemaliza mtaa mzima, hata muuza mkaa aliyetupunja. Nimetuma moja kwa moja ofisini kwenu nisikuchoshe. Maandishi haya nayapenda: hayapambi, hayatoi pole. Ila kwenye "hai" vidole viligoma. Niliowazika mwenyewe, false. Msumari nimemwandikia true. Sikumwona akifa, na siwezi kumzika mwanangu kwa kubonyeza kitufe.

Baba yako

11 Juni

Shikamoo Baba. Naomba usome ukiwa umekaa.

Lipo neno la tatu, null: haijulikani. Kwa haraka zangu sikukutajia. Mashine huwatafuta wenye null tu. Mwenye true huhesabiwa amepatikana. Aprili hospitali ya mpakani ilituma majina ya wagonjwa. Kulikuwa na seremala, mwembamba, anaitwa Msumari, kila siku akimuuliza muuguzi kama kuna anayemtafuta. Mashine ilimruka. Nimeona leo tu. Alifariki Mei.

Ofisini wanataka taarifa irekebishwe. Nirekebishe mimi?

Binti yako

1 Julai

Marahaba, mwanangu. Unakula lakini?

Usiguse. Niliyeandika ni mimi. Asubuhi nilifuta true, nikaandika false, nikatuma. Nilidhani itachukua muda, kama mambo yote ya ofisi. Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono: imepokelewa.

Njoo. Hapa sina wa kumwambia.

Baba yako