Ngozi ya Dullo kwenye Tuta

Jumanne, 8 Novemba 1977

Dereva wa lori anasema huko juu mvua ni kubwa. Hapa Merti jua tu! Nikaenda kuangalia tuta la kuzuia mto. Mume wangu Dullo na wenzake walilijenga kwa udongo uliobebwa kwa ngozi za ng'ombe, punda wakitembezwa juu ushikane. Alinifundisha: maji yakipenya chini yakiwa safi, usiogope. Yakiwa mekundu, tuta linaliwa.

Alipofariki, mdogo wake Umuro alikata njia katikati, ng'ombe wake wateremke kunywa bila kuzunguka. Ameiziba kwa miiba kama mlango wa boma. Nikamwambia, shemeji, jaza udongo. Akacheka – eti ng'ombe wapite wapi?

Kaburi la Dullo liko nyuma ya pengo hilo. Kisha nyumba zetu.

Alhamisi, 10 Novemba

Mto umekuja. Mbingu safi kabisa! Tulisikia kwanza – kama malori mengi yakipanda mlima. Ndege wakanyamaza. Halafu maji mekundu, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Mbuzi mmoja amesimama juu ya shina, anatutazama tu. Subhanallah.

Dullo alikuwa akifika mtoni anavua viatu. Nilikuwa namcheka. Leo nilivua vyangu.

Ijumaa, 11 Novemba

Maji yamefika kwenye miiba. Umuro anaongeza matawi mbio mbio! Habsa wa duka akampigia kelele: "Wewe Umuro, unazuia fisi? Leta udongo!" Watu walicheka, kisha wakakimbia. Habsa akatoa magunia yake yote. Udongo ukawa unayeyuka tu.

Ngozi, akasema Umuro. Ngozi nzito itaushika. Kila nyumba ikatoa. Yangu ikabaki – ile Dullo alilalia mpaka mwisho. Ina alama ya bega lake.

"Hiyo hapana, shemeji," Umuro akasema.

"Chukua," nikasema.

Sasa nimekaa chini ya tuta, naandika gotini. Ngozi iko kwenye pengo, udongo juu yake, Umuro na wanaume wameegemea kwa migongo. Nyuma yao mto wote unanguruma, mkubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Chini ya ngozi panatoka maji membamba kama uzi, yanaelekea kaburini.

Umuro anauliza bila kugeuka: rangi gani, shemeji?

Nachota kwa kiganja. Safi.

Anauliza tena. Nachota tena –