Tarumbeta Halina Kesi

4 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mke mwenzangu hajambo? Najua simu huipendi, ndiyo maana naandika. Mimi mzima, ila usingizi umenihama kwa furaha. Kile kipimo tulichokuwa tukikihangaikia hapa maabara kimeanza kufanya kazi. Mtu anatema mate kwenye kichupa, tunachovya kikaratasi, na mistari inatuambia kama ugonjwa wa fizi umeanza, hata kabla jino halijalegea wala kuuma.

Bibi ameniambia kwamba ukipiga mswaki unatoka damu, na kwamba mwisho wa mwezi unaiaga bendi. Usiage kwanza, Babu. Nimekuwekea vichupa viwili, kimoja cha akiba. Tema mate hadi kwenye alama, funga, nirudishie kwa posta. Dawa iliyomo itayatunza njiani.

Mjukuu wako

13 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mke mwenzako anakusalimu shingo upande, kwa kuwa barua imeandikwa kwa mumewe na si kwake. Kuishi kwangu kote sijapata kusikia mke anayemwomba mumewe mate kwa posta. Lakini nimetema. Wenzangu wa bendi walijazana mlangoni, mpiga ngoma kubwa akinihesabia mapigo.

Damu isikutie wasiwasi, ni kawaida yetu sisi wapuliza tarumbeta. Baba yangu tarumbeta lilimmaliza meno ya mbele yote. Akalitundika kwenye msumari hapa sebuleni, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa kimya. Mimi nataka kuachana na langu tukiwa bado tunapatana. Ndiyo maana hata wewe, ulipolililia hilo la msumarini ukiwa mdogo, nilikunyima.

Babu yako

21 Machi

Babu,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mate yamefika salama, na kikaratasi kinasema huna ugonjwa wowote. Ningeshangilia, lakini nilipofungua kichupa chumba kizima kilinukia mnanaa. Ulifanya nini kabla ya kutema?

Mjukuu wako

27 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Huku kwema. Nilifanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu zake. Mate yanakwenda kwa wakubwa zako wa kazi, niyapeleke na harufu ya kitunguu? Nilipiga mswaki mara mbili, nikasukutua na ile dawa ya buluu ya bibi yako mpaka machozi yakanitoka. Sikutaka wakucheke.

Kumbe nimeharibu. Basi hiki cha akiba nimetema asubuhi, kabla ya mswaki, kabla ya chai, hata kabla ya salamu. Bibi yako alidhani nimemnunia. Bendi nimeiambia isubiri.

Babu yako

4 Aprili

Babu,

Shikamoo, salamu nyingine nitazileta baadaye. Mistari ni miwili. Ugonjwa upo, ila ndiyo kwanza unaanza. Niliruka mpaka mkuu wangu akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Ni ajabu kufurahia ugonjwa wa babu yangu, lakini tumeuwahi. Kipimo ni kengele tu, nenda kwa daktari wa meno akuangalie. Nenda leo hii, na umuulize pia habari za tarumbeta.

Mjukuu wako

30 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na safari hii sisemi kwa mazoea. Daktari amethibitisha. Mfupa unaoshika meno bado ni imara. Amenikwangua ugaga uliojificha chini ya fizi, na kunifundisha kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea. Damu imekatika. Jumamosi nilipuliza ile noti ya juu niliyokuwa nikiikwepa, mpiga ngoma akapoteza mapigo. Siagi mtu tena.

Nikamuuliza habari za tarumbeta. Akacheka. Anasema kupuliza hakuozeshi fizi, na huenda baba yangu aliumwa hivihivi bila kujua, maana ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Nilirudi nyumbani, nikakaa chini ya ule msumari, nikalia. Miaka yote hiyo tumelituhumu, na halina kesi.

Ndani ya boksi lililokuja na barua hii limo lile la msumarini, ulilolililia. Nimelisugua linang'aa. Kwanza jipime mate na wewe, bila mnanaa. Kisha usiniandikie. Simu siipendi, lakini nipigie, usiseme neno, puliza.

Babu yako