Kifaa cha Nelius

Kathambi, siamini. Siamini! Unamkumbuka Nelius wetu wa Runyenjes, anayesomea zile atomi za ajabu, zinazoishi kufumba na kufumbua tu?

Kesho angesafiri na kile kifaa alichounda mwenyewe cha kunasa miale ya atomi hizo. Leo nyumba ilijaa, tumekuja kumwombea.

Si mamake akaona haifai pasta akiwekee mikono kikiwa na vumbi? Akakisugua kwa stilwulu, kama sufuria! Kidirisha chake cha mbele, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kikapasuka.

"Nimekung'arishia, mwanangu," akamwambia.

Nelius akakitazama. Bila kifaa hana safari. "Asante, mum."

ASANTE, Kathambi!

Pasta akaombea kifaa kilichokufa, mama akiitikia amina kutushinda sote. Nelius akalia. Watu wakadhani ni Roho.