Kura ya Chama Tu

Jumapili, 17 Machi 2024

Tumeamka salama. Baba Upendo mzima, kikohozi kimepungua. Bibi, mama mkwe, mzima, amemaliza bakuli la uji na anauliza kwa nini jua limechelewa. Neema, mdogo wake Upendo, mzima, yuko jikoni. Ng'ombe mzima. Na mimi mzima.

Upendo kapiga simu kutoka Chicago. Mzima. Mwanaye Glory mzima, jino la mbele limeng'oka. Keshokutwa wana kura za maoni, za kumpata mgombea urais. Nikamwuliza mji mkubwa vile unapigaje. Anasema pale mjini kinachoshinda ni chama kimoja miaka yote, kwa hiyo mtu akipita kwenye maoni ameshapita. Nilicheka. Kumbe kama hapa kwetu Maji ya Chai! Diwani wetu tunampata kwenye maoni. Siku yenyewe tunaenda kukamilisha.

Kadi ya kupigia kura imemfikia kwa posta. Siku ya kuchukua leseni ya gari aliweka tiki kila kisanduku kwenye fomu, kumbe kimoja kilikuwa cha kujiandikisha kupiga kura. Sasa anaogopa. "Mama, mimi bado si raia." Nikamwambia acha woga. Hiyo ni kura ya chama tu, siyo ya serikali. Sisi maoni tunapiga na kadi ya chama, hakuna anayekuuliza kingine. Nenda na wenzako.

Nataka picha. Wifi yangu Elinipa, yule wa Lemara, anatangaza kwamba mwanangu huko kazi yake ni kufuta mavi ya wazee wa Kizungu. Na aone.

Jumatano, 20 Machi 2024

Kapiga! Picha imeingia asubuhi. Kibandiko cha "nimepiga kura" kifuani. Wino kidoleni hakuna, huko hawapaki.

Anasema kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, kimya kabisa. Mji wote ule na foleni haifiki mlangoni. Wengi ni wamama wazee. Vijana hawakuja, maana wa urais walishamjua. Mezani wakamwuliza anataka karatasi ya chama gani. Akakitaja, akapewa. Si nilisema ni ya chama?

Nimeirusha picha kwenye kundi la ukoo. Elinipa ameona, hajajibu. Raha mpaka naona aibu.

Jumanne, 14 Januari 2025

Siwezi kula.

Jana Upendo alikuwa kwenye usaili wa uraia. Wakamwuliza, umewahi kupiga kura nchi hii? Akasema ndiyo. Nilimlea asiseme uongo. Fimbo nilitumia.

Afisa akaweka kalamu chini. Kwa nini? Akajibu, mama yangu aliniambia ni kura ya chama tu. Yule mtu akacheka. "Mama yako ni mwanasheria?"

Kumbe kule hata maoni ni ya serikali. Karatasi ya serikali, mashine ya serikali, wasimamizi wa serikali. Chama kinangoja kuletewa jina. Asiye raia akigusa ile karatasi ni kosa, na adhabu yake ni kuondolewa nchini. Mimi niliishia darasa la nne. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Barua imekuja. Upendo aende mbele ya jaji. Aeleze kwa nini asirudishwe.

Wakili wake anasema ile picha isionekane popote. Nimeifuta kwangu. Kwenye simu za ukoo siwezi kuifuta.

Baba Upendo kasema moja tu, amegeukia ukuta: "Si ulitaka Elinipa aone. Ameona."

Jumapili, 18 Mei 2025

Kipaimara, Kikatiti. Bora nisingekwenda.

Elinipa alingoja mpaka watu wamekaa na sahani. "Shikamoo, mama mpiga kura!" Mkubwa kwangu, ananiamkia mimi. "Mwanao anarudi lini tukampokee na matarumbeta? Au anasubiri apige nyingine?" Meza nzima ilicheka. Hata yule dada niliyemnyonyeshea mtoto alipolazwa. Alicheka na nyama mdomoni.

Niliendelea kutafuna. Nilimwombea Elinipa mdomo upooze. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 18 Juni 2025

Wamemshika Upendo. Jana alikwenda kuripoti uhamiaji kama walivyomwagiza. Alivaa vizuri. Hakutoka.

Glory alikuwa shule. Jirani mmoja mama mzee ndiye aliyemchukua. Kapiga simu, Neema akatafsiri. Mtoto anauliza kama mama amekwenda kwa bibi yake, yaani kwangu. Mtoto ni raia, kazaliwa kule, hakuna wa kumwondoa. Mama yake ndiye anaondolewa. Wamepangwa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, na aliyewapanga ni mimi.

Bibi alisikia jina la Upendo na neno kurudi. Akapiga vigelegele. Ameimba mpaka mchana, anataka tuchinje. Neema alitaka kumweleza, nikamzuia. Halafu nikamfokea Bibi. Nilimwambia nyamaza wewe mzee, hujui unalolisherehekea. Alijifunika kanga kichwani. Hajui kosa lake ni nini. Mimi pia sikumwambia.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mvua nyepesi, mlima haukuonekana. Sikwenda kanisani. Nimemwogesha Bibi na kumpaka mafuta miguuni. Baba Upendo amekata majani ya ng'ombe mwenyewe, ameniletea maji.

Hatujui wamempeleka wapi. Wakili anasema huwa wanawahamisha.

Upendo, daftari hili husomi. Lakini wakikupa simu, hata ya dakika moja, ongea kwanza na Glory. Kisha nipigie mimi. Hata kama ni kunitukana. Nipigie upesi, mama.