Kile Chandarua Ulichokikataa

Shangazi yangu, somo yangu Kadzo,

Shikamoo. Najua ungenikatiza hapa hapa, useme watu waliosoma salamu zao ni ndefu kwa sababu wana jambo la kuficha. Basi leo sifichi. Uliniuliza swali moja kwa simu, nikakujibu kwa kiburi, ukafa na jibu langu. Barua hii nitaibandika mlango wa ghala la kikundi chenu cha wakulima wa pilipili, Ganda, kila apitaye aisome. Habari kwamba ulipulizia pilipili sumu zilifika mpaka Magarini. Na hii nayo ifike.

Unanikumbuka nilipokuwa mdogo, nikachuma pilipili kichaa na wewe kisha nikajisugua macho? Nilipiga mayowe, majirani wakadhani nimeumwa na nyoka. Ulinishika kichwa ukaninawisha kwa maji, mikono ukanipaka tui la nazi, huku unanicheka. "Wewe na mimi jina moja," ukasema, "lakini akili Mungu katugawia mafungu tofauti." Nilicheka nikilia.

Nilipoajiriwa maabara Mombasa nikaja likizo, ulitaka nikueleze kazi yenyewe, nawe unakuna nazi. Nikakwambia tunasaga pilipili, au mchicha, au samaki, tunachuja maji yake, tunayatia mashinani. Mashine huyavunja vipande visivyoonekana kwa jicho na kupima uzito wa kila kimoja. Kila dawa ina uzito wake, kwa hiyo hata ikiwemo kidogo mno, hujulikana. Sampuli huja na namba tu, haina jina, mtu asije akampendelea wake. Ulionja mchuzi, ukaongeza chumvi. "Kumbe ni ulimi tu huo. Mimi ninao wangu, tena hauli umeme."

Likizo ile ile nilikukuta umeanika pilipili chini, kuku wanapita juu, na mnunuzi amekwisha kulalamikia mchanga. Mimi nilikuwa na chandarua kipya nilichopewa kliniki, hakijatoka mfukoni mwake. Nikakwambia ukitandaze juu ya kichanja, upepo upite chini. Ukakinusa, ukakisukuma kando.

"Hiki kinanuka dawa, somo. Cha mbu mwachie mbu."

Nami, mkemia mzima, nikacheka! Nikasema harufu itaisha juani, na usiwe mkaidi. Ukanitazama kidogo. "Haya, wewe ndiye uliyesoma," ukasema, ukakitandaza kwa mikono yako.

Baada ya miezi kadhaa ikaja mezani pangu sampuli ya pilipili kavu. Namba tu. Nikaipima, na kwenye skrini mstari ukapanda, kikasimama kilele cha dawa ya kuua wadudu, kirefu. Nikarudia kupima kama utaratibu unavyotaka, kikasimama pale pale. Nikatia sahihi, nikaenda kula.

Wiki ile mzigo wa kikundi chenu ulikataliwa bandarini. Mnunuzi akasema gunia lililochotwa sampuli lilikuwa na alama yako. Mkakutana katika darasa la chekechea, kina mama watu wazima kwenye viti vya watoto, ukaapa kwamba shambani hukupuliza kitu, hata maji ya mwarobaini. Wakakuonyesha karatasi ya maabara. Sahihi ya chini ilikuwa ya Kadzo mwenzio.

Ndipo uliponipigia. Hukulia.

"Somo, hiyo mashine hukosea?"

"Shangazi, mashine haisemi uongo." Kisha nikaongeza, Mungu anisamehe, "Kama ulipuliza, sema tu."

Ukaniuliza kama nimekula.

Wakakuvua uenyekiti. Uling'oa mipilipili yote ukapanda muhogo. Nilipokuja nyumbani hukulitaja jambo lile, nami nikafurahi kwamba hulitaji. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndiyo kweli. Tulikula, tukazungumza habari za harusi za watu, nikapanda gari nikarudi zangu. Masika yaliyopita ukaanguka jikoni, hukuamka tena.

Siku ya kumaliza matanga tulikuwa tunagawana vyombo vyako. Juu kabisa, kwenye boriti chini ya makuti, nikakuta kipande cha chandarua, upana wa leso moja, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa ukambaa. Mbegu za pilipili zilikuwa zimenasa kwenye matundu. Nikakaa chini pale pale. Nikaenda nacho Mombasa, nikakata kijisehemu, nikakipima. Kilele kile kile, uzito ule ule. Dawa iliyokutwa kwenye pilipili zako ndiyo iliyotiwa kiwandani kwenye chandarua. Mashine haikusema uongo, wala wewe hukusema uongo. Mimi ndiye niliyekuletea sumu ndani ya mfuko wake, kisha nikakutia hatiani kwa sahihi yangu.

Jumamosi iliyopita nikaenda Ganda. Nikasimama mbele ya wenzako katika darasa lile lile, nikawaeleza yote, nikatandaza kipande kile mezani. Nilingoja matusi, na yangenifaa. Mama Riziki, aliyekalia kiti chako sasa na ndiye aliyekusema vibaya kuliko wote, akakiinua. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi. Akaketi.

"Ubavu wa pili wa hiki ninao mimi," akasema.

Bi Mbeyu naye akasema anacho. Na yule wa nyuma. Na wa karibu na dirisha. Kumbe, Shangazi, ulikikata chandarua changu ukawagawia wenzako wote!

"Alituambia somo yake kakileta kutoka Mombasa," Mama Riziki akasema. "Alivyojivunia wewe! Tukaanika juu yake sote. Ni gunia lake tu lililochotwa."

Wakalia, wengine kwa sauti. Vipande tumevikusanya, hakuna tena atakayeanika chakula juu yake. Wanasema watakuja kaburini kwako kukuomba radhi. Nimewaambia wangoje kwanza, mimi ndiye wa kutangulia kukuomba.

Lakini lipo jambo moja linaninyima raha, nami kila nikiwauliza watu hunijibu nitulie, wewe umekwisha kulala. Kwa nini kipande chako ulikikunja na kukifunga, ukakificha pale ambapo mkono haufiki bila kukusudia? Pua yako ilikuwa imekwisha kuniambia. Ulikuwa na maneno ya kujiokoa mbele ya kina mama wale: chandarua kaleta huyo huyo aliyetia sahihi. Neno moja lingerudisha kiti chako na kuchukua kazi yangu. Ulijua, Shangazi? Ulikaa nalo miaka yote hiyo, ukinipakulia wali, ukiniuliza habari za Mombasa?

Uliniuliza kama mashine hukosea. Hukuniuliza kama mimi hukosea.

Pumzika, wewe usiye na deni na mtu.

Ni mimi, somo yako, niliyebaki na jina letu.