Kipande Changu cha Mkate

Dorcas wangu,

Wamenipa karatasi na kalamu niandike maungamo. Mchungaji amesema niandike polepole, nisisahau kitu, kwa sababu kesho Jumapili nitayasoma mbele ya kanisa zima. Ni karatasi nzuri, zina mistari, naona ni hasara kuzijaza uongo. Basi nakuandikia wewe.

Najua ungecheka kusikia niko wapi. Niko Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege wa zamani, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya maombi. Dirisha limepigiliwa mbao. Mlango unafungwa kwa nje. Nikitaka kwenda chooni nagonga, na mama mwombezi ananisindikiza huku ananong'ona zaburi, nisije nikamwambukiza njiani. Nalala juu ya saruji. Mjomba wangu, Tonton Jérôme, ndiye aliyenileta. Alinipakia kwenye baiskeli ya toleka, yeye akapanda toleka nyingine nyuma yangu, na njia nzima alikuwa anamhimiza mwenye baiskeli yangu asisimame. Alisema nitarudi nyumbani nikishatubu. Mimi ni ndoki, rafiki yangu. Wanasema nimekuroga na nimekula nyama yako.

Aliyesema ni Merveille. Ndiyo, Merveille wetu, aliyekaa katikati yetu darasani na kunakili hesabu zako kushoto na Kifaransa changu kulia. Kwenye matanga yako mama yake alimbana kwa maswali mbele ya watu, mlikuwa mnafanya nini nyuma ya shule, na yeye akaanguka chini akapiga kelele kwamba tuliweka agano, na kwamba Espe ndiye aliyetoa chakula. Espe ni mimi. Aliogopa, najua. Ukibanwa vile unatupa jina la kwanza linalokuja mdomoni. Lakini sijamsamehe, na usiniombe nimsamehe leo.

Kosa ni la zile filamu, ukiniuliza. Unakumbuka chumba cha mbao cha Papa Firmin cha kuonyeshea video, na zile zilizotiwa sauti ya Kifaransa, za wasichana wa sekondari huko mbali? Shule yao ina makabati ya chuma, kila mwanafunzi na lake. Wanaanza kwa kupendana, wanafundishana kusogeza kalamu kwa macho, wanamwangusha mvulana mwenye majivuno ngazini. Halafu mmoja anapata nguvu kuliko wenzake, na filamu haijaisha tayari ananing'inia hewani, nywele usoni, anataka kuwaua. Wewe ulikuwa unasema mapema, kwa sauti, mpaka watu wanatugeukia: "Angalieni, sasa batapigana." Na siku zote ulikuwa upande wa yule mbaya. Ulisema wenzake ndio waliomharibu kwa kumwogopa.

Kilichotushangaza ni kwamba wale wasichana walitaka kuwa wachawi. Walitafuta vitabu! Walinunua mishumaa! Hapa kwetu mtu akiitwa ndoki anaapa, analia, anahama mji. Tulicheka sana. Na kwa sababu wao huwa wanne na sisi tulikuwa watatu, ukasema wa nne wetu ni jenereta ya Papa Firmin, maana ikizima nguvu zetu zote zinaisha.

Halafu ikaja ile siku ya agano. Siwezi kuifikiria bila kukuona na macho yako ya manjano. Darasa zima lilijua una ile anemia ya SS, ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, kwamba mifupa ikianza kukuuma unang'ata kitambaa usilie. Ulikuwa umetoka hospitali, umekonda, ukatuita nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko. Ukasema na sisi tufanye la kwetu kama wale wa filamu, tuyagawe maumivu yako kwa watatu, kila mmoja achukue kidogo. Wao walikata vidole wakachanganya damu kwenye kikombe. Merveille akakataa kabisa. Na wewe ukasema damu yako imeshaharibika, heri kila mtu abaki na yake.

Ndipo ukatoa kwenye mfuko mkate mmoja, ile mikate ya kukaanga ambayo mama yako anauza langoni mwa shule. Ukauvunja mara mbili. "Bon," ukasema, "maumivu yangu ndiyo hii. Mukule." Tukala. Kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko cha Merveille, naye akanuna mpaka kengele ikalia. Uchawi wetu wote ulikuwa huo.

Dorcas, tulikuwa na akili gani? Tangu tukiwa wadogo tumeambiwa kindoki kinaingia kwa mdomo. Usipokee karanga kwa jirani, usile kwa watu, kinachotolewa mchana kama zawadi usiku unadaiwa nyama ya mtu wako. Tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Tukaiogopa damu ya filamu, ya watu tusiowajua, na mkate wa kwetu tukausahau.

Ulipokufa, mvua zilikuwa zimeanza na damu ya kukuongezea haikupatikana. Mimi nilikuwepo koridoni, nilimwona baba yako mdogo anakimbia na karatasi ya daktari kutoka mlango hadi mlango. Mchungaji anasema damu ilikosekana kwa sababu sisi tulikuwa tumeshainywa. Aliposema hivyo nilicheka, kwa hasira, na kicheko kile ndicho kilichonifungia mlango huu.

Sasa wanataka jambo moja tu: nani alitoa mkate. Nikikubali ni mimi, mimi ni ndoki maisha yangu yote. Nikisema ukweli kwamba ni wewe, wataacha kunitazama mimi na watamtazama aliyeukaanga. Watasema mama yako alimtoa mtoto wake mwenyewe, na sisi alitutumia. Unamkumbuka bibi yule wa nyuma ya nyumba yenu, vijana walivyombomolea nyumba kwa sababu ya karanga za kuchemsha? Mama yako ni mjane, ana wadogo zako, ana lile sufuria la mafuta na hana kingine. Na nikinyamaza, wananinywesha mafuta na maji ya chumvi ili nitapike nilichokula, halafu wanainamia ndoo kutafuta. Juzi mama mwombezi aliona mkia wa nyoka. Ulikuwa jani la matembele. Nimezunguka pande zote, rafiki yangu, na kila upande kuna ukuta.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kukubali. Nilishatunga na hadithi. Wanapenda sana habari za ndege za kichawi za kusafiria usiku, ndoki wote waliotubu hapa walikuwa na ndege, basi na mimi ningesema yangu ilikuwa inaruka kutoka uwanja huu huu wa Simi-Simi, karibu kabisa, bila usumbufu. Ningelia kidogo. Wangeniwekea mikono, na Tonton angenirudisha nyumbani. Ningekula kwenye sahani yangu peke yangu mpaka nizeeke, watoto wangekuwa wanaitwa ndani nikipita, lakini ningekuwa nyumbani.

Leo mchana mama yako amekuja.

Nilisikia sauti yake nje nikataka kuingia ndani ya ukuta. Nadhani mama mwombezi alimfungulia kwa sababu alifikiri amekuja kunilaani, akataka kuona. Amenyoa nywele kwa ajili yako. Amekonda. Alishusha beseni kichwani, akakaa chini kwenye saruji hivyo hivyo na pagne yake safi ya kitenge, akafunua kitambaa. Akachukua mkate mmoja, akaniwekea mkononi. Nikaushika, hata sijamwamkia.

"Vunja," akasema. "Unipe."

Nikavunja. Akafungua mdomo nikamlisha kwa vidole vyangu hivi, mimi ndoki, mimi niliyekula mtoto wake, na akatafuna polepole huku anamtazama mama mwombezi usoni. Yule mama alisahau zaburi yake katikati. Mama yako akameza, akasema: "Dorcas aliniambia yote. Mulikula mukate yangu. Unga iko yangu, mafuta iko yangu. Alors, ndoki ni nani?"

Kumbe ulimwambia! Kumbe ulimwambia pia kwamba siku ile mifupa haikukuuma mpaka jioni. Sijui kama ni kweli au ulitaka tu kumfurahisha mama yako, maana wewe kwa uongo mtamu nakufahamu. Nimelichukua hivyo hivyo. Nimelia mpaka kamasi zikaingia kwenye mkate.

Anasema kesho atakuja na beseni limejaa. Atasimama mbele ya kanisa, atanipa, na mimi nitampa, watazame. Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimwambia watamfukuza mtaani, hakuna atakayenunua tena. Akafunga kitambaa chake, akanijibu: "Mutoto yangu amekufa. Banifukuze kwenda wapi tena?" Kisha mlango ukafungwa kwa nje kama kawaida.

Naogopa, Dorcas. Sitakudanganya. Huenda kesho watatupiga wote wawili. Huenda Merveille atakuwepo na nitashindwa kumtazama, au nitamtazama nione bado nampenda, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Mbao za dirisha ziko palepale. Na tangu ufe goti langu la kushoto linaniuma. Ni saruji, najua ni saruji. Lakini nimeamua kwamba ni sehemu yangu, ile uliyonigawia, na likianza kuuma naliambia karibu.

Kesho akifika, karatasi hizi nitaziingiza chini ya kitambaa cha beseni. Mama yako atakuletea kaburini, na mimi nikiitwa kusoma sitakuwa na cha kusoma. Pumzika sasa, usikilize mvua, usingoje habari za filamu yetu maana sijui inaishaje.

Kesho kabla ya yote wataniletea kikombe cha mafuta na maji ya chumvi, nitapike ulichonipa. Nakuahidi hiki: sitasema wewe ni ndoki, sitasema mimi ni ndoki. Na kile kipande nilikula nikiwa na njaa, mkononi mwa rafiki yangu. Sikitapiki.

Espe wako